Kiungo Kitajiziba Chenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumepata hita ya gesi. Shemeji kaileta mwenyewe, kaibeba begani kama mfuko wa simenti. Zawadi kwa mama yake. Mama mkwe yuko kwetu tangu baridi yabisi ilipomzidi. Magoti yake hayataki kabisa maji baridi, na mimi kwa tumbo hili siwezi tena kubeba ndoo za moto kutoka jikoni. Nilifurahi sana.

Kitinda — ndivyo Mama anavyomwita, kitindamimba wake — ni fundi bomba. Mabomba ya maji anayajua, hilo sibishi. Hita kaifunga kwenye kibaraza cha nyuma, kile tulichokizungushia kuta tukakiita stoo. Mtungi chini, mpira, nati, utepe mweupe raundi kibao. Akawasha. Mwali wa bluu, maji ya moto bafuni! Mama kapiga kigelegele.

Mimi nikasikia harufu. Yai viza. Nikasema. Mume wangu, Mama na Kitinda, wote wakatazama tumbo langu.

Jumanne, 5 Machi

Harufu ipo. Mume wangu ananikumbusha kwamba mwezi uliopita nilimfukuza chumbani kwa ajili ya sabuni ile ile anayoogea miaka yote. Kweli. Nilidai pia vitunguu vya jirani vimeoza, kumbe havijaoza. Pua ya mjamzito nani ataiamini? Hata mimi nina wasiwasi nayo.

Nimefungua dirisha la kibaraza. Mama kalifunga — upepo unamwingia magotini. Nimefungua. Kafunga.

Jumatano, 6 Machi

Nimepita kwa muuza gesi, nikamuuliza kijuujuu, eti rafiki yangu ana shida. Kasema: changanya sabuni na maji, paka kwenye kila kiungo, povu likivimba ujue gesi inatoka. Kiberiti usikisogeze hapo hata kwa mzaha. Halafu kauliza huyo rafiki yangu anajifungua lini. Mshenzi yule.

Nimepaka. Kwenye nati ya chini povu likavimba taratibu, likapasuka, likavimba tena. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Pua yangu nzima! Kisha nikaogopa sana, nikafunga mtungi. Mama kaoga maji ya sufuria na hajasema nami tangu hapo.

Alhamisi, 7 Machi

Kitinda kaja. Nikaipaka nati sabuni mbele ya macho yake. Nilidhani atabisha. Hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha.

"Shemeji, hicho kiungo kipya. Vyote vinatoka jasho mwanzoni. Kiache siku mbili tatu, kitajiziba chenyewe."

Nikaelewa. Anaongea maji huyu! Bomba la maji likivuja kidogo, kutu na chumvi hujaza nyuzi za nati, pakakauka, na fundi akasifiwa. Nikamwambia gesi haina chumvi. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaongeza utepe, akakaza kwa spana mpaka shingo ikamtoka mishipa. Na mpira wenyewe nimeuangalia vizuri: ni wa maji, ule wa kumwagilia bustani, kaubana kwa waya.

Jioni mume wangu kaniomba nisimvunje moyo mdogo wake. Kitinda kapata kazi, ya kwanza ya maana tangu aanze kujitegemea: nyumba za wapangaji za bwana mmoja tajiri, kila nyumba hita moja, na anaanza Jumatatu. Sasa mke wa kaka ndiye awe wa kwanza kusema hajui kazi? Nikamuuliza, na hao wapangaji je, nao wafungiwe mipira ya bustani? Kageukia ukutani.

Ijumaa, 8 Machi

Sabuni tena. Povu limepungua, lakini lipo. Nimemwita mume wangu, kainama, kaliona kwa macho yake. Kajikuna kichwa. Kasema atazungumza na mdogo wake. Lini? Kesho.

Nimefunga mtungi. Mama kaufungua. Nimemwambia wazi kwamba ni hatari. Kasema mwanawe si mtoto mdogo.

Jumamosi, 9 Machi

Niko uani, kwenye kigoda, daftari juu ya goti. Naandika huku nasubiri harufu iishe ndani.

Mume wangu yuko kazini. Mama aliingia kuoga. Nikiwa jikoni ile harufu ikanijia, na safari hii ilikuwa nzito mpaka kooni. Dirisha la kibaraza limefungwa, mwanya wa mlango umezibwa kwa kitambaa — Mama na upepo wake! — na hita inawaka. Nikafunga mtungi. Nikafungua kila kinachofunguka. Swichi ya taa sikuigusa. Regulata, kile kichwa cha mtungi, nikaing'oa kabisa nikaja nayo. Mama nikamtoa bafuni kwa nguvu, kavaa gauni juu ya povu. Kakaa hapa kando yangu, sabuni inamkaukia shingoni.

Kisha, bila kunitazama:

"Harufu hiyo naisikia tangu Jumatatu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Kasema kila alichowahi kufanya Kitinda, lazima mtu alikuja nyuma yake akakifanya upya. Baba yake, kaka yake, walimu. "Nikasema hiki kimoja kibaki kama alivyokifunga yeye."

Nilikasirika mpaka nikasahau adabu. Nikamwambia, kwa hiyo tufe wote ili asivunjike moyo? Katazama tumbo langu, na safari hii si kama ile Jumatatu. Kaweka mkono juu yake, baridi, wenye sabuni.

Geti limelia. Kitinda! Hayuko peke yake, kaja na tajiri wake, anataka kumwonyesha hita kabla ya kuanza kazi. Shati limepigwa pasi. Katusalimia kwa heshima zote, wamepita nyuma. Namsikia anaeleza mwali, maji, jinsi ya kukaza nati. Sauti yake nzuri, ya mtu anayejua. Tajiri anasema, "Haya, washa nione."

Ndoo inasogezwa. Sasa Kitinda yuko mlangoni, anauliza nani katoa kichwa cha mtungi. Ananitazama mimi.

Mama kanyanyua daftari kidogo, kachukua regulata mapajani mwangu.

"Nimeitoa mimi," kasema.

Tajiri naye katokeza, anauliza kuna tatizo gani. Kitinda anatabasamu kwa taabu, kanyosha mkono apewe. Mama kaibana kifuani kwa mikono miwili. Hajampa.