Mnunuzi Niliyemtuma Kasoli

Jumapili, alasiri. Bariadi.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari, na nje malori ya pamba yanapita yakiacha vipande vyeupe kwenye miiba ya uzio wa jirani. Naandika nimekaa sakafuni kwa sababu kochi limeshauzwa. Aliyelinunua alikuja kulichukua baada ya misa, akalibonyezabonyeza, akaguna, akaomba punguzo la mwisho wakati vijana wake wameshalibeba. Tumebaki kitanda, jiko la gesi na mimi.

Baada ya wiki mbili nahamia Ayalandi. Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: naitwa Kabula, ni muuguzi, nimefanya kazi hapa mjini tangu nimalize chuo, na nimepata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko. Mkataba nimesaini, viza imetoka. Watu wakisikia hivyo wananipongeza kana kwamba mambo yamekwisha. Ndiyo kwanza yanaanza.

Mshahara wa kwanza utaingia baada ya mwezi mzima wa kazi. Kabla ya hapo, nitakula nini na nitalala wapi ni juu yangu. Mwenye chumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana juu yake, na mwisho wa kulipa ni kesho. Benki wanasema kadi yangu itafanya kazi nje bila shida, ila namba za kuthibitisha malipo zitakuja kwenye laini yangu ya simu. Laini yenyewe ilisajiliwa zamani kwa kitambulisho cha Rehema, mwenzangu wa chuo, kwa kuwa changu kilikuwa hakijatoka. Niliishi hivyo miaka yote bila wasiwasi. Lakini tangu viza itoke, kila nikilala nilikuwa naota laini imefungwa, niko kwenye foleni ya duka la ugenini, na pesa zangu ziko Bariadi zinanisubiri.

Halafu kuna ng'ombe, ambao ndio wangelipa chumba.

Nilikuwa nao wanne. Niliwanunua mmoja mmoja kwa mshahara wangu, na nasema hivi kwa majivuno kwa sababu nilijinyima. Mjini sina pa kuwafugia, kwa hiyo waliishi Kasoli, kijijini kwetu, kwa mama mdogo Limi, mdogo wake mama, ambaye nyumba yake inatazamana na ya mama. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Unampa ndugu au rafiki ng'ombe wako awatunze, yeye anakamua maziwa na kulimia dume, ndama wanabaki wako. Limi ana wajukuu wengi na wote wamekuzwa na maziwa ya ng'ombe wangu. Siku ukiwahitaji unakwenda mwenyewe. Unafika jioni, unasalimia, unakula, unalala, na asubuhi ndipo unaeleza shida iliyokuleta. Hata mtoto mdogo wa Kasoli anajua.

Mimi nilimtuma mnunuzi.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu nimechoka kujidanganya. Sikumtuma kwa kukosa muda. Nilimtuma kwa sababu nilimwogopa mama. Tangu nimwambie habari za safari hakuwahi kusema niende wala nisiende. Nikimpigia ananijibu salamu, anauliza kama nimekula, kisha ananyamaza hadi nakata mwenyewe. Nilijua nikienda kulala pale nitaangaliwa usiku kucha na macho yale, na asubuhi nitakuwa nimebadili mawazo. Kwa hiyo nikampigia Maduhu, mchuuzi anayenunua ng'ombe na kuwapeleka mnadani, tukapatana bei, nikamwambia aende Jumamosi asubuhi akawachukue wote. Niliona nimekuwa mjanja sana.

Jumamosi hiyohiyo, yaani jana asubuhi, Rehema alikuja kutoka Lagangabilili tukabadilishe usajili wa laini. Tukaweka vidole, tukapigwa picha, na dada wa duka la simu akasema mtandao utakatika kidogo kisha utarudi. Kidogo yake ilikuwa hadi mchana umegeuka. Nilikunywa chai mbili, nikamsindikiza Rehema stendi, nikarudi kumkodolea macho yule dada, naye akaendelea kupaka rangi kucha.

Laini iliporudi simu ilitetemeka mkononi bila kukoma. Mama mdogo alikuwa amenitafuta. Mama alikuwa amenitafuta. Watu ambao sijui hata walipata wapi namba yangu walikuwa wamenitafuta. Ujumbe ulikuwa mmoja tu, wa Maduhu: "Dada njoo Kasoli haraka, wamenizuia." Nikapiga kwa kila mtu, hakuna aliyepokea.

Nilipandwa na hasira. Nilijua moja kwa moja kwamba Limi amekataa kuachia ng'ombe kwa ajili ya maziwa ya wajukuu zake. Nikachukua bodaboda, na njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia. Niliyapanga vizuri kweli. Nilikuwa na kipande kuhusu watu wanaodhani cha mwenzao ni chao, na kingine kuhusu jasho langu. Dereva alinigeukia akauliza kama nasema naye.

Tulipokaribia nikasikia kilio.

Nikamwambia dereva asimame. Wanawake walikuwa wameketi chini mbele ya nyumba ya mama, kanga zimefungwa viunoni, na majirani walikuwa wanaingia na kuni. Sufuria kubwa ilikuwa imeshawekwa kwenye mafiga. Nikasema moyoni, mama amekufa, amekufa nikiwa nahangaikia laini ya simu. Nilishuka nikaanza kukimbia huku nalia kwa sauti, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kufika msibani kwake mwenyewe kwa kishindo kama kile.

Maana msiba ulikuwa wangu.

Mwanamke wa kwanza kuniona alipiga yowe akadondosha kuni. Wa pili akakimbia. Limi alinishika mashavu kwa mikono miwili, akanipapasa hadi masikio, akaanza kucheka na kulia pamoja. Maduhu, maskini, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango wa zizi, fimbo yake imechukuliwa, wanaume wawili wamekaa kila upande wakimlinda.

Limi alinieleza baadaye. Alhamisi nilimwambia mama kwa simu kwamba nina homa, na nilikuwa nayo kweli, kwa sababu ya chanjo ya safari. Ijumaa sikupiga. Jumamosi akatokea mwanamume wasiyemjua, ana kamba na fimbo, anasema amekuja kuchukua ng'ombe wa Kabula, wote. Wakamuuliza mwenyewe yuko wapi. Akasema yuko mjini. Wakanipigia, simu haipatikani. Wakapiga tena, haipatikani. Kwetu ng'ombe wa mtu hawaondolewi zizini wote, bila mwenyewe, isipokuwa mwenyewe hayuko tena duniani na ndugu wanakusanya mali yake. Wakamuuliza Maduhu nimekufa lini.

"Mimi nikawaambia hujafa," Maduhu alinilalamikia. "Kadiri ninavyokataa ndivyo wanavyozidi kulia!"

Namwelewa Limi. Sisi hatumwambii mtu wazi kwamba mwanawe amekufa. Tunasema anaumwa kidogo, njoo. Tunasema yupo, msiwe na wasiwasi. Mgeni aliyekuwa anaapa kwamba mimi ni mzima alikuwa anafanya kile ambacho mgeni mwenye adabu angefanya kama ningekuwa maiti.

Mama alikuwa ndani.

Niliingia nikamkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, rozari imezungushwa mkononi. Alikuwa ameshanisikia nje, ameshasikia vigelegele, lakini hakuinuka. Nikapiga magoti nikamwamkia. Hakuitikia. Nikamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, ni mimi." Ndipo akanipiga kofi. Halikuwa kali, lakini mama hajanipiga tangu nikiwa shule ya msingi. Kisha kwa mkono uleule alionipigia akanishika wangu, akaubana, hakuuachia hadi jua lilipoanza kushuka.

Nilimwomba msamaha kwa maneno yote niliyonayo. Nikamweleza habari za laini, za chumba, za mwenye nyumba asiyenijua wala kuniamini. Nilizungumza sana, kama nifanyavyo nikiwa na hatia. Aliposema, alisema taratibu kwa Kisukuma, na nayaandika hapa kwa Kiswahili kwa kadiri ninavyoweza.

"Leo umekuja na pikipiki. Ukiwa huko, mtu akija tena na kamba, utakuja na nini?"

Nikaanza kutaja ndege, basi, kisha pikipiki, nikaishia njiani.

Nilikuwa nimeshajaza karatasi zote za huko. Bima, kodi, mtu wa kupigiwa simu nikipatwa na jambo. Hapo nilimwandika Rehema, kwa sababu anajua Kiingereza. Niliona ni jambo la busara, na pengine ni la busara kweli. Lakini nilipokuwa nimekaa sakafuni na mama nilimwona akipokea habari zangu kwa mtu wa tatu, wa nne, kila mmoja akimwambia anaumwa kidogo tu, usiwe na wasiwasi. Wangemzungusha hivyo siku ngapi? Ndicho alichokuwa anakiogopa miezi yote hii, na mimi nilidhani amenikasirikia. Nimeona aibu sana.

Jioni akainuka, akanivuta hadi zizini. Wanawake walikuwa wanakula ule wali wa msiba wangu, wananitania kwamba nimewagharimu kuku. Maduhu naye alikuwa amepewa sahani. Mama akaingia katikati ya ng'ombe, akamwekea mkono mgongoni yule jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Ndiye wa kwanza niliyemnunua. Ndiye mwenye maziwa mengi, sasa ana mimba, na Maduhu alimpangia bei kubwa kuliko wenzake.

"Hao watatu waende," mama akasema. "Huyu anabaki. Humuuzi kwa simu. Hutumi mtu. Ukimtaka, utakuja kumchukua wewe, kwa miguu yako. Akija mtu mwingine yeyote kumtaka, nitajua. Sitasubiri kuambiwa unaumwa kidogo."

Limi aliangalia chini akikwangua tope kwa kidole cha mguu, akijitahidi kuficha furaha ya maziwa. Nilimwona. Jana asubuhi ningemchukia kwa hilo.

Nilijua papo hapo maana yake. Bila mwekundu, hela ya chumba haifiki. Nilisimama pale napiga hesabu kichwani, nauza kitanda, nauza jiko, nauza hata sare zangu, na bado haifiki. Maduhu alikuwa ananitazama akisubiri nimbembeleze mama. Mama alikuwa hanitazami kabisa, anamkuna ng'ombe nyuma ya sikio. Nikaona kwamba nikibisha sasa atanyamaza tena, na ule unyamavu nitapanda nao ndege.

Nikasema sawa.

Nikasema tena kwa sauti, ili Maduhu asikie: watatu tu. Akalalamika kwamba bila mwekundu safari haimlipi, akapunguza bei ya wale wengine, na kwa haki ya Mungu sikuweza kumlaumu, mtu amekaa chini ya ulinzi tangu asubuhi. Nililala Kasoli, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Tulilala kitanda kimoja, mama na mimi, na alikuwa anaweka mkono kifuani kwangu kila mara, kama nilivyokuwa nafanya wodini kuangalia kama mtoto anapumua. Nilijifanya nimelala.

Asubuhi nilimsindikiza kwenye misa ya kwanza, kisha nikarudi mjini kumpokea mtu wa kochi. Nimemwandikia mwenye nyumba wa Ayalandi kwamba kile chumba siwezi tena. Nimemwomba kile kingine alichonionyesha mwanzo, cha kulala wawili, nilichokikataa kwa dharau. Tulilala watoto wanne kitanda kimoja Kasoli, na niliapa kwamba nikianza kujitegemea sitachangia chumba na mtu tena maishani. Kiapo chenyewe kimeishia hapa. Amejibu mchana huu: mwenzangu atakuwa muuguzi wa Ufilipino, nilete shuka zangu, na malipo ni keshokutwa badala ya kesho. Nimepumua kidogo.

Nimeandika karatasi upya pia. Rehema bado yupo, Kiingereza hakikwepeki, lakini juu yake nimeweka jina la mama na namba yake, na pembeni nimeandika kwamba huyu apigiwe kwanza, hata kama hamtaelewana. Watanishangaa. Washangae.

Bado naogopa. Naogopa baridi, naogopa lafudhi yao, naogopa benki kesho, naogopa kwamba nimeharibu mpango mzuri kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Na naogopa kwamba mama ana haki, na kwamba siku moja atatokea mtu na kamba.

Kabla sijaanza kuandika nimempigia. Niliahidi kupiga kila Jumapili, nikaona nianze leo. Alipokea, nikamwamkia, nikaanza kumweleza habari za chumba cha watu wawili. Hakunisikiliza. Nilimsikia anageuza uso kutoka kwenye simu na kumwambia Limi, "Yupo."

Akakata.