Mikono ya Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Mungu ametuamsha salama, hilo la kwanza. La pili, ile warsha ya wachoraji nimeimaliza. Mwalimu alizitazama picha zangu za vitabu vya watoto, akacheka: "Dada, mbona watu wako wote wameficha mikono? Wameiba nini?" Kweli, mikono imenishinda miaka yote. Basi kwenye karatasi ya malengo nikaandika: kabla ya mwaka kwisha, nijue kuchora mikono.

Najifunzia mikono ya mama. Siku hizi hainuki kitandani, na jina langu limemtoka, ila akiniona na penseli ananyoosha mkono, anatulia. Juzi aliniuliza kama wewe umeshakula.

Nakutumia mchoro mmoja. Usiutundike ukutani tu, mdogo wangu. Njoo uushike mkono wenyewe ungali na joto.

Anayekuombea kila sala,
Dada yako