Maji kwenye Mawe

Jumanne, baada ya chakula cha usiku

Halafu bosi ananiambia mimi ndiye ninayechelewesha kazi!

Tangu dawa yangu ya kuvuta ya pumu ipande bei tena, nimeamua hivi: bei siwezi kuishusha, lakini vumbi naliweza. Kwa hiyo nabeba dumu la maji mpaka karashani, penye mashine ya kusaga mawe, nayamwagia mawe ya dhahabu kidogo kabla ya kuyaponda kwa nyundo. Wanawake wenzangu wananicheka, eti nayatilia mawe mchuzi. Wacheke.

Leo Baba Kulwa, mwenye karasha, akanijia juu. "Mama Neema, mawe yakilowa yanaganda kwenye mashine, unatuchelewesha kazi. Ponda makavu kama wenzako!"

Nikamjibu, "Baba Kulwa, mawe yatakauka juani. Mapafu yangu yakiharibika, utayaanika wapi?"

Akaondoka zake.

Niliogopa, sikatai. Kichupa changu cha dawa ukikitikisa husikii kitu. Akinifukuza kazi, hata hiyo dawa ya bei mbaya... basi, nisiwaze.

Mchana simu ya Baba Kulwa ikaita. Alianza kuongea palepale kwenye vumbi, kikohozi kikamkaba. Akasogea kwa Mama Shija, mwenzangu anayeponda makavu, akakohoa. Akasogea tena. Mwisho akaja kusimama nyuma yangu, akaongea mpaka akamaliza, sauti safi kabisa.

Sikugeuka. Nilinyanyua dumu langu, nikalimwagia maji jiwe jingine, taratibu, ili aone vizuri.