Anza na Huyu

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nikitumaini wewe, wifi na watoto mko wazima. Lile goti lako limepoa, au bado unalisingizia ili usipande ngazi? Sisi huku hatujambo. Mama ndiye mzima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua tangu tumzike Baba nilikuwa silali. Nazunguka sebuleni mpaka kunakucha, kisha napanda kreni macho mekundu. Uliponisihi niende kwa yule mama wa tiba ya mwanga, nikakujibu vibaya kwamba mimi si mwehu wa kumulikwa tochi. Basi siku moja nikasinzia kule juu, mzigo wa nondo unaning'inia hewani! Mfungaji mizigo alipiga kelele kwenye redio mpaka nikazinduka. Hakuumia mtu, lakini msimamizi aliniteremsha, akasema nirudi nikiwa nalala kama binadamu, na nikichelewa, kiti changu atapewa mwingine. Mimi, ambaye saiti nzima inaniita Kunguru kwa kukaa juu, nikawa mfungua geti. Niliona haya, Kaka, na niliogopa, maana kazi nyingine siijui wala siitaki.

Ndipo Mama naye akaanza. Kila asubuhi analalamika hajapata hata lepe la usingizi. Ukaniamuru nimpeleke kwa yule mama, nikakubali mara moja. Kwa ajili yangu nisingekwenda, lakini kwa ajili ya Mama nakwenda popote.

Chumba chenyewe kiko juu ya duka la vitambaa, kina kitanda chembamba na pazia la kijani. Mtaalamu ni mnene, mcheshi, na kifaa chake ni kama kalamu nene yenye mwanga mwekundu. Alitueleza kwamba pale ambapo watu wa tiba ya sindano huchoma, yeye anaweka mwanga tu, hauchomi wala hauunguzi. Hakutuahidi miujiza. Alisema anautuliza mwili, usingizi ukitaka kuja usikute fujo.

Mama akagoma. Akasema ngozi yake ya kizee haijaribiwi ovyo, anza na huyu, yaani mimi, aone kama nitapiga kelele. Nikacheka, nikajilaza. Mwanga ukawekwa ndani ya kifundo cha mkono, katikati ya nyusi, nyuma ya masikio, kisha kwenye nyayo. Nilisikia kajoto kadogo, basi. Nilipofumbua macho, Mama alikuwa amemaliza chai ya mwenye chumba na wanapiga soga kama waliosoma pamoja.

Kila tulipokwenda ikawa yaleyale. Leo eti mkono wa kushoto hakuuona vizuri, kesho anataka aonyeshwe tena nyayo. Zamu yake ikifika, anakumbuka ameacha nguo kwenye kamba. Nikamnong'oneza mtaalamu amvumilie, ni uzee. Yule mama akaziba mdomo kwa kiganja, nami nikadhani anakohoa.

Usingizi ukanirudia kidogokidogo, kama paka aliyewahi kufukuzwa. Kwanza kwenye kochi, halafu kitandani, mwishowe nikawa wa kuamshwa. Msimamizi alinijaribu kwa mizigo midogo, na juzi akanirudishia kiti changu. Nilishusha nondo taratibu mpaka mfungaji mizigo akasema kwenye redio kwamba leo Kunguru anatua kwenye mayai. Nililia, Kaka. Raha ya kule juu ni kwamba hakuna anayekuona.

Jana nikamwambia Mama kwamba mimi nimepona, sasa ni zamu yake, na safari hii hakuna cha nguo wala kamba. Akaweka sufuria chini, akacheka mpaka akashika meza. Akakiri kwamba hana ugonjwa wowote, na kwamba mlipanga nyie watatu, yeye, wewe na yule mama, kwa kuwa ukaidi wangu mnaujua. Walaghai wakubwa nyie! Nikanuna. Nikamuuliza, kwa hiyo asubuhi zote zile alizosema hajalala alikuwa ananidanganya?

Hapo akaacha kucheka. Akasema kwa hilo hakudanganya. Kitanda chake kimegusa ukuta wa sebule, na hawezi kulala akisikia mwanawe anatembea peke yake gizani. Alikuwa ananisikiliza mpaka nitulie, nami sikutulia. Mtaalamu alipotaka kumtibu, alimjibu kwamba dawa yake ni mimi nilale.

Nilimshika mkono tu, pale ndani ya kifundo, tukakaa.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Wewe sikusalimu mpaka nimalize kununa, labda Jumapili. Mama naye angekusalimu, lakini jua limeshaingia mpaka jikoni na yeye bado anakoroma. Chai yake nimeifunika. Simwamshi.

Dada yako,
Kunguru