Kreti Iliyo Chumbani kwa Baba

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na wanao. Natumaini homa ya mdogo imepoa na magoti ya Baba yamepata nafuu. Mimi sijambo kiasi, ingawa mistari hii imepinda. Jicho la kushoto limefungwa bendeji na daktari amenikataza kusafiri.

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba uende upande wa Baba umtoe chumbani. Usiguse kreti ya bia niliyompelekea wiki iliyopita, usiifunike, usiisogeze. Funga mlango, weka watoto mbali, kisha rudi ukae usome.

Nimekupigia simu tangu asubuhi. Najua umeifungia namba yangu tangu nilipoacha ualimu, uliposema nimetupa chaki nikashika chupa. Ya Baba imezimwa kama kawaida yake. Ndiyo maana nimemtuma mchapaji wa lebo zetu, yuleyule aliyeileta kreti.

Dada, ungeona mji huu ungecheka. Zamani mtu aliomba bia baridi, basi. Siku hizi viwanda vidogo vya bia vimefika vitano, na watu wazima wanazungusha glasi, wananusa, wanabishana kama kimea kimekaangwa sana. Mimi nimo, na nilikuwa na furaha, sitakuficha. Mshirika wangu, tunayemwita Bwana Povu, ndiye aliyenifundisha kazi hii, na bia yetu nyeusi ilianza kuulizwa hotelini kwa jina.

Bia yetu humalizikia ndani ya chupa. Kabla ya kujaza, tunamimina maji ya sukari kwenye pipa, hamira inaila sukari ile ndani ya chupa na kutoa gesi. Kipimo ni kimoja tu. Ili tusikosee, aliyemimina hufunga kitambaa chekundu kwenye bomba la pipa. Mwenzake akikiona, anajua kazi imekwisha.

Jumatatu chupa ya kwanza ilipasuka ghalani. Tulicheka, tukasema bia imekuwa na hasira. Jumanne zilipasuka tatu, na kipande cha kioo tulikikuta kimezama kwenye mbao za mlango, usawa wa shingo yangu. Hapo kicheko kilitukaukia. Bwana Povu alisema mama anayetuoshea chupa ameingiza zenye nyufa, akamfukuza siku hiyohiyo. Mama yule aliapa kwamba huwa anaipitisha kila chupa kwenye mwanga. Alinitazama mimi, nami nikainama kufunga kamba za viatu.

Jumatano nilibeba chupa moja kwenda kuipoza. Sikusikia mlio, niliona tu sakafu imekuwa nyekundu. Kreti za hotelini zimerudishwa, tuliwaambia chupa ni mbovu. Imebaki yenu peke yake, na joto la mwezi huu linaichochea chini ya bati la chumba cha Baba.

Sasa sikia lililonifanya niandike. Chupa hazikuwa na nyufa. Siku ya kujaza, mimi ndiye niliyemimina sukari na kufunga kitambaa. Wakaja wanunuzi wa hoteli, nikataka waone meza inang'aa. Sikuona kitu cha kufutia karibu, nikakifungua kitambaa kile, nikafuta, nikakitia mfukoni. Bwana Povu alirudi kutoka kula, akaona bomba halina kitu, akamimina tena.

Na nilijua, Dada. Jioni nilionja, ikawa tamu ya kuuma meno. Nilimuuliza kama amemimina, akasema ndiyo. Lebo zilikwisha chapwa na hoteli walikuwa wanasubiri. Nikajiambia itazidi povu kidogo tu. Kesho yake nikapanga chupa kumi na mbili za Baba kwa mkono wangu, kwa sababu nilitaka aseme mbele yako kwamba kazi yangu ni kazi. Nilimwandikia azihifadhi kando ya kitanda, na kila Jumapili, kabla ya kufungua, aiinue chupa karibu na uso atazame machicha yanavyotulia. Wewe unajua Baba anavyofuata maelekezo.

Bwana Povu hajui bado. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Kesho nitakwenda kwa mama wa chupa nimpigie magoti. Baba akisema ajali haina kinga, usimkubalie. Mwambie mwanawe alijua.

Nisalimie shemeji, nibusie wanao, na Baba mwambie namwomba radhi. Mchapaji atasubiri mlangoni. Mpe neno lolote aniletee, hata likiwa tusi. Ukinitukana nitajua nyote mko wazima.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu wa zamani