Umeangalia Wapi Kwanza?

Kimbo, Ruiru

Maitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na umpe Kahiga zake kabla hajaanza kulalamika kwamba dada yake humsahau. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika Ngoliba, au mbaazi bado zinangoja? Mimi huku ni mzima, nakula vizuri na kanisani sikosi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanijibu kabla sijamaliza kusema. Mwishoni mwa barua hii kuna swali, na furaha yangu yote imekaa kwenye jibu lako. Tafadhali usiruke mistari kulitafuta. Nakujua.

Kwanza habari za kazi. Ile mashine yangu ya kudarizi, ya kompyuta, ilianza kukata uzi nikiwa katikati ya majoho ya kwaya ya akina mama. Nikibadilisha uzi, inakata. Nikibadilisha sindano, inakata. Magdalene, kiongozi wa kwaya, akawa anapitia dukani kila asubuhi, anashika joho moja, anashusha pumzi, anaondoka. Afadhali angenigombeza. Kama ningekosa kumaliza kabla ya sikukuu ya kanisa, hakuna mama ambaye angeniletea kazi tena.

Kuna kikundi cha mafundi wa kudarizi kwenye WhatsApp. Nikaandika huko kwamba mashine imegoma, naomba msaada haraka. Msimamizi, mtu anayeitwa Lenny, akanijibu kwa upole kwamba pole dada, lakini kwanza nimeangalia wapi? Akaeleza desturi yao: mtu hutafuta katika majibu ya zamani, husoma kitabu cha mashine, hujaribu, kisha huandika alichojaribu na kilichotokea. Ndipo anauliza. Nilikasirika sana, Maitu. Halafu nikacheka peke yangu dukani, kwa sababu ndivyo ulivyotulea. Mtoto akikuuliza mwiko uko wapi, wewe hata hugeuki, unamuuliza ameangalia wapi. Na kwa kweli tulikuwa hatujaangalia popote.

Basi nikaangalia. Nilisoma majibu ya zamani mpaka chai ikapoa, nisione shida kama yangu. Nikaanza kuandika swali upya, kama wanavyotaka. Nikataja uzi, nikataja sindano. Nilipofika mahali pa kusema mashine nimeitia mafuta gani, kidole kikasimama. Nilikuwa nimeitia mafuta ya kupikia, kama tunavyotia cherehani yako hapo nyumbani tangu nikiwa mdogo. Usinune. Cherehani yako imezoea, haichagui chakula, lakini hii yangu hukimbia mno, na yale mafuta yalikuwa yameganda ndani kama gundi. Nikaifungua chini, nikasugua kwa brashi na mafuta ya taa, nikaikausha, nikatia mafuta yake halisi. Uzi haukukatika tena. Jumapili Magdalene alijigeuzageuza mbele ya watu ndani ya joho lake, utadhani alilidarizi mwenyewe.

Swali lile sikulituma. Nilituma jibu, pamoja na kosa langu lote, ili mwingine akitafuta alikute. Walinicheka kikundini mpaka basi. Lenny akaniandikia pembeni kwamba wengi wakishafaulu hunyamaza, na kwamba hata mama yake hutia cherehani mafuta ya kupikia. Yeye ni fundi wa mashine mjini Thika. Alikuja siku moja kuhakikisha yangu iko sawa. Iko sawa, lakini tangu Pasaka hajaacha kuja kuihakikisha.

Sasa umefika kwenye swali, Maitu. Jina la Lenny la kwao ni Opiyo. Wazazi wake walitoka Siaya kufanya kazi kiwandani, naye akazaliwa Makongeni, hapo hapo Thika, na Kikuyu chake ni safi kuliko cha Kahiga. Anataka kunioa, nami nataka. Sijasahau kwamba binamu yangu Rachael alipoolewa na mtu wa kabila lao, ulisema hatuwajui watu wale, na kwenye arusi hukwenda. Ndiyo maana niliogopa, na ndiyo maana sikutaka kukuuliza ovyo. Nimeomba. Nimezungumza na mchungaji. Nimepika jikoni na mama yake, nimemwona Lenny akiwa na njaa na akiwa na hasira. Nilijaribu hata kumwacha, nikashindwa. Nimempenda. Nimeangalia kila mahali pa kuangalia, Maitu, na lililobaki halipatikani kwingine ila kwako: akija hapo Ngoliba na wazee wake, utampokea?

Usinijibu kwa simu, nitalia mbele ya wateja. Mwambie Kahiga, atapita hapa akileta mboga. Lifunike hilo goti jioni, na uwasalimie akina mama wote wa kanisa. Lenny ameniuliza akuletee nini. Nimemwambia chupa ya mafuta ya cherehani, na kwamba akifika asikae chini kabla hajaitia mashine yako.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Waruguru