Mlango Usiofungika

Makambako,
Alhamisi.

Mpendwa mdogo wangu Lenard,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya mwaka huu imetuamulia, hata mafuta ya cherehani yanaganda. Natumaini wewe, Stella na watoto hamjambo, na kwamba viazi vya bondeni havikuoza na mvua ile.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Lakini simu yako, mdogo wangu, ukiipokea unaiweka sauti ya juu mpaka jirani anachangia maongezi, na ujumbe wako anausoma mtoto yeyote aliyeishika kucheza gemu. Haya ninayoandika ni ya macho yako peke yako. Ndiyo maana nimempa Yosefu wa viazi na kumsisitiza akukabidhi wewe mkononi.

Umesema unakuja Jumatatu kumtoa Mama hospitali kule Njombe, kwamba mtu hawezi kulazwa kwa ajili ya kiuno, na ukitoka hapo unapitia wilayani kumshtaki tabibu wa kituo chetu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujawasha pikipiki.

Hasira zako nazijua, nami nimezionja. Ulipokuwa Matembwe kwenye kazi ya mbao, mimi ndiye niliyemsindikiza Mama kituoni. Tulifika umande haujakauka, tukakuta benchi limejaa hadi nje. Kwenye dirisha la kadi tukaambiwa mtandao wa bima umekata, tusubiri. Tukasubiri. Mtandao uliporudi, tabibu akawa amekwenda kunywa chai, na sijui chai hiyo ilipikwa wapi, maana jua lilitukuta miguuni likapanda mpaka magotini ndipo akarudi. Tulipoingia hakuinua uso. Aliuliza mama anaumwa nini, Mama akajibu kiuno, na dawa za maumivu zikawa zimeshaandikwa kabla hajakaa vizuri. Aliyetufuata kwenye foleni alikuwa ameshaingiza mguu mmoja ndani, na ule mlango unaujua, haufungiki. Dirisha la dawa nalo likatuambia dawa hakuna, tukanunue dukani.

Wewe unanifahamu. Nilirudi mle ndani nikamwuliza yule kijana kama amesomea kutibu au kugawa vidonge, maana tangu mavuno ya mwaka jana Mama anaandikiwa vilevile. Hakunijibu kwa jeuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema yuko peke yake, mwenzake yuko likizo ya uzazi, na kwamba kila anapomwuliza Mama anaambiwa kiuno, basi anatibu kiuno. Nilitoka nimevimba. Mama alinivuta kitenge akasema twende, namtia aibu.

Njiani alisimama mara nyingi, ameshika uzio wa watu, akijifanya anatazama mahindi yao. Nilimwuliza ana nini, akanisifia mahindi. Nikaona huyu simwachi. Nikamdanganya kwamba nataka kumshonea gauni jipya la kanisani, nikaja naye huku kwangu.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa. Nilimpima dukani kwangu. Mabega akanipa, kifua akanipa, tena akanitania kwamba nimezidi kumpunguzia kitambaa. Nilipofika kwenye nyonga akaushika mkono wangu, akakataa. Nimepima wanawake wengi, wapo wanaoona haya, lakini hii ilikuwa hofu. Mkono wangu ulikuwa umeshagusa kitu kimekunjwa na kufungwa kwa nguvu chini ya gauni, kama nepi ya mtoto. Nilifunga duka mchana kweupe. Mimi nikalia kabla yake.

Kesho yake tukaenda Njombe. Pale tulipokewa na muuguzi mmoja mtu mzima, Mbena mwenzetu. Alimsalimia Mama kamwene, akamkalisha, akafunga mlango, halafu akaniambia mimi nitoke. Lenard, nilichukia! Mimi binti yake wa kwanza, niliyemleta kwa nauli yangu, nitolewe nje kama mtu baki? Nilikaa kwenye korido nikinung'unika peke yangu. Waliongea Kibena mle ndani, muda mrefu, na kuna wakati nilisikia Mama anacheka.

Waliponiita, alikuwa amelala kitandani, uso wake umelegea, amepumzika kwa namna ambayo sijaiona siku nyingi. Sasa naandika jambo ambalo dada hamwandikii mdogo wake wa kiume. Kizazi cha Mama kimeshuka. Kimeshuka mpaka nje, na yeye amekuwa akikirudisha kwa mkono na kukibana kwa kitambaa ili aweze kulima, kuteka maji na kubeba kuni. Ndiyo sababu aliacha kwaya, wakati sisi tukidhani amegombana na mwalimu wa kwaya. Kiuno kinamwuma kweli, hakumdanganya mtu. Alikuwa akisema ile sehemu inayosemeka.

Muuguzi alimwuliza mbele yangu kwa nini hakueleza kituoni. Mama akajibu angeelezaje, na mwanawe amekaa pale.

Soma pole pole hapo, mdogo wangu. Wewe umempeleka kila mara, umemtandikia koti lako kwenye benchi, umeingia naye ukamshika mkono, na kwa kuwa Kiswahili cha Mama kinamwishia njiani, ukamtafsiria. Wanawake wa jumuiya wanamwonea wivu kwa kuwa na mtoto kama wewe. Lakini mama wa kwetu amtajie mwanawe wa kiume jambo hilo, ili naye alitaje kwa kijana mwingine? Alitaja kiuno, nawe ukatafsiri kiuno. Na siku niliyompeleka mimi ndiyo hiyo, mlango wazi na mwanamume wa watu kasimama kizingitini.

Muuguzi akamwuliza tena, tangu lini. Mama hakutaja mwaka. Aligeukia ukutani akasema, tangu Lenard.

Ulizaliwa msimu wa kupanda, na ulikuwa mtoto mkubwa. Baba alikuwa hayupo, na Mama alirudi shambani na gunia la mbegu kichwani kabla ya arobaini kuisha. Kilianza kidogo kidogo, uzee ukamalizia. Hilo ndilo alilokuwa akikuficha, Lenard, kuliko hata aibu yenyewe, kwa sababu anakujua, utalichukua na kulibeba. Usilibebe. Amenikataza kabisa nisikwambie, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kumvunjia neno namna hii.

Lakini wamemlaza ili wamfanyie upasuaji Jumanne. Ukija Jumatatu ukamwambia tuondoke, atainuka, atafunga kanga yake na kukufuata. Hawezi kukukatalia bila kukupa sababu, na sababu yenyewe hawezi kukupa. Atarudi nyumbani akajifunge kitambaa chake mpaka siku ya kufa. Ningefanya nini mimi, ninyamaze?

Wilayani nenda, sikuzuii. Ila usimshtaki yule kijana kwa vidonge. Waulize kwa nini chumba cha tabibu hakina mlango unaofungika, na kwa nini mara zote hizo ulizoingia na Mama, hakuna mtu aliyekuomba usubiri nje. Ukiandika hayo, nami nitatia sahihi.

Basi njoo Jumatatu, lakini njoo kumtazama. Mletee parachichi zilizoiva na lile blanketi zito, kule wodini baridi haina adabu. Usimwonyeshe kwamba unajua. Mpe habari za viazi, mwache akugombeze kwa kuendesha pikipiki kwenye matope. Na daktari atakapoingia, Mama atakutazama kwanza wewe, kama alivyozoea. Inuka wakati huo huo, mdogo wangu. Mwambie unakwenda kumtafutia soda, toka, na uufunge mlango.

Msalimie sana Stella, na watoto wabusu wote kwa niaba ya shangazi yao. Shemeji yako anasema mbao alizokuagiza asipozipata safari hii atakuja kuzifuata mwenyewe. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Asteria